Isinuke Kwanza, Ndipo Inukie

Wadogo zangu, sogeeni tukae. Wiki hii nimepata ujumbe wa mdogo wetu mmoja wa Mbagala, nikausoma mara tatu, maana ndani yake nimewaona wengi wenu. Ana mwaka mmoja tangu aolewe, wamepanga chumba na sebule, na Mungu amewajaalia mtoto wa miezi mitano. Kila mwezi ananunua makopo mawili ya manukato ya kupuliza, moja la waridi na moja la limau. Anapuliza asubuhi, anapuliza jioni, anapuliza mgeni akipiga hodi. Nusu saa haipiti, ile harufu ya zamani imerudi, na siku hizi akipuliza mtoto anakohoa. Sasa mama mkwe anakuja Jumamosi ijayo kutoka Tanga kumwona mjukuu, na mdogo wetu anataka kujua atengeneze nini kwa mikono yake ili nyumba inukie.

Mdogo wangu, nimekuelewa, na wala usione haya. Nyumba za kupanga za mjini zimebanana: jiko liko koridoni, choo ni cha wapangaji wanne, dirisha linatazama ukuta wa jirani. Lakini Kiswahili chetu kimekujibu kabla yangu. Kuna kunuka, na kuna kunukia. Nyumba inayonuka ukiipulizia waridi haigeuki kuwa nyumba inayonukia. Kile cha mwanzo kimebaki pale pale, waridi limekaa juu yake, na mgeni anavinusa vyote viwili. Kwa hiyo leo nitakupa mapishi ya manukato, tena mengi, ila usiyaguse mpaka tumalize kazi ya kwanza.

Tuanze na pua yenyewe. Pua huzoea. Ukikaa chumbani dakika chache tu, unaacha kuisikia harufu iliyomo, iwe ni uvundo au ni udi. Ndiyo maana wewe unayeshinda ndani husikii kile anachokisikia mgeni akiwa mlangoni, na ndiyo maana ukishapuliza kopo unadhani limekwisha nguvu, unaongeza, kisha unaongeza tena, na kifua cha mtoto ndicho kinachoumia. Kesho asubuhi toka nje, nenda gengeni, kaa huko robo saa au zaidi. Ukirudi, fungua mlango usimame hapo hapo kizingitini uvute pumzi moja. Hiyo pumzi ya kwanza ndiyo harufu ya nyumba yako. Ukishindwa kuitambua, muulize mtoto wa jirani wa miaka sita. Atakwambia.

Kisha ifuate mpaka inakotoka. Inama, nusa. Nusa ndoo ya taka ikiwa tupu, nusa tundu la sinki, nusa mapazia, nusa viatu vya baba mtoto, nusa nyuma ya jiko ambako mafuta ya kukaangia yameganda kwenye ukuta. Katika nyumba nyingi nilizoingia, chanzo kilikuwa ni dekio. Tunadeki nyumba vizuri, halafu dekio bichi tunalisokota na kulitupa nyuma ya mlango, linavunda, na kesho yake tunautandaza uvundo huo sakafuni kote kwa bidii. Dekio lifuliwe kwa sabuni, likamuliwe, lianikwe juani kila siku kama nguo nyingine. Nimewahi kuona nyumba ikibadilika kwa hilo peke yake.

Shombo ya samaki ina dawa yake, na mama zetu wa pwani waliijua zamani. Umeshamwona mama aliyetoka kuparua samaki akisugua mikono kwa ganda la ndimu? Samaki anapoanza kuharibika hutoa kemikali za jamii ya amini, na hizo ndizo shombo. Tindikali ya ndimu au ya siki huzikamata na kuzigeuza chumvichumvi ambayo hairuki tena hewani. Kwa hiyo hapo ndimu haikufunika harufu, imeiondoa. Baada ya kukaanga samaki, futa jiko, meza na ukuta wa karibu kwa kitambaa chenye maji na siki nusu kwa nusu. Harufu ya siki itaisha ikikauka, na shombo itaondoka nayo.

Bekingi soda hufanya kazi upande wa pili. Maziwa yaliyochacha, jasho la viatu, matapishi ya mtoto: hizi ni harufu za tindikali, na soda huzipoza. Namaanisha ule unga mweupe laini wa kutia kwenye keki, si hamira wala si magadi ya kulainishia maharage. Weka vijiko vinne kwenye kikopo kilicho wazi ndani ya friji, nyunyiza kidogo ndani ya viatu usiku na kukung'uta asubuhi. Na hapa nawaonya kuhusu lile pishi linalozunguka mitaani la kuchanganya siki na soda kwenye chupa moja. Vinatoa povu zuri sana, mtu anaona dawa imewaka. Ukweli ni kwamba vimeuana. Povu likitulia umebaki na maji yenye chumvi kidogo. Tumia hiki, kikauke, ndipo utumie kile.

Mfano wa hilo ni godoro, na najua mdogo wangu wa Mbagala, ukiwa na mtoto wa miezi mitano, godoro lako limeshapata mkojo. Mkojo ukikaa hutoa amonia, ile harufu inayochoma pua. Ukiwa mbichi, kandamiza kwa kitambaa kikavu mpaka kisilowe tena. Usisugue, utauzamisha ndani. Nyunyizia siki iliyochanganywa na maji, kiasi cha kulowesha sehemu ile tu, kandamiza tena, ulikaushe juani. Likikauka, tandaza bekingi soda juu yake usiku kucha, asubuhi uifagie kwa brashi. Godoro la sufi ni tofauti: usilipe maji mengi hata kidogo, sufi ikinywa maji ndani huoza kabla ya kukauka. Hilo lifute juujuu na ulitoe uani kila kukiwa na jua, ligeuze adhuhuri. Jua letu ni dawa ambayo hatuilipii, na tunaifungia nje kwa mapazia mazito.

Ukungu wa ukutani nao, hasa masika, kuanzia Machi mpaka Mei, una harufu ya udongo uliolowa inayoingia hadi kwenye nguo za sanduku. Vuta kabati litengane na ukuta kwa upana wa kiganja ili hewa ipite. Osha ukuta kwa sabuni, ukaushe kabisa. Ndani ya kabati weka bakuli la chumvi ya mawe, inavuta unyevu. Ikilowa, ianike au ibadilishe. Mkaa mkavu usiowashwa kwenye kikapu kidogo pia husaidia, kwa kuwa una vitundu vingi visivyoonekana ambavyo harufu hunasa humo. Baada ya mwezi utoe juani upate nguvu tena. Lakini ikiwa bomba linavuja ndani ya ukuta au bati limetoboka, zungumza na mwenye nyumba, na ukizungumza mara moja asisikie, zungumza mara ya pili. Hakuna karafuu itakayokausha ukuta unaovuja, na kifua cha mtoto mchanga hakifai kulala karibu na ukungu.

Mwisho wa kazi ya kwanza ni hewa. Fungua dirisha na mlango wa upande wa pili kwa wakati mmoja, asubuhi, dakika kumi na tano. Dirisha moja peke yake hewa haina pa kutokea. Kama una dirisha moja tu, fungua mlango wa koridoni na uweke feni iangalie nje, isukume hewa ya ndani itoke.

Sasa njoo tunukishe.

Cha kwanza ni sufuria ya maganda, na ningekuwa na ruhusa ya kuwafundisha jambo moja tu, ningewafundisha hili. Maganda ya machungwa mawili au ya limau, kipande cha mdalasini kirefu kama kidole, karafuu kumi, iliki mbili umezipasua, na bua la mchaichai ulilolipondaponda kwa mchi. Maji nusu sufuria. Usichemshe kwa moto mkali. Maji yatokote polepole, mvuke upande taratibu. Harufu ya maganda imo kwenye vifuko vidogo vya mafuta vilivyo kwenye ngozi ya chungwa, vile vinavyokurushia machoni ukilimenya, na mvuke ndio unaoibeba mpaka chumbani. Msitumie gesi kwa kazi hii, gesi ni ghali. Ukimaliza kupika na makaa yamebaki jikoni, hapo hapo teleka maganda yako. Ukiwa na jiko la gesi, yaweke kwenye sufuria uliyotoka kuchemshia maji ya chai, ikiwa bado ina moto, ufunike dakika tano kisha ufunue. Sufuria hiyo unaweza kuirudia siku ya pili kwa kuongeza maji; ya tatu mwaga, imeshachacha. Na usiiache peke yake motoni. Mwaka niliojifungua mwanangu wa pili niliteleka maganda nikajilaza kidogo, usingizi ukanichukua, maji yakakauka. Kilichoniamsha ni moshi. Tangu siku ile natumia makaa ya mwisho tu, au nasimama pale pale.

Karafuu naomba nizizungumzie zaidi, maana nimelelewa nazo. Bibi yangu alikuwa wa Wete, Pemba, na msimu wa karafuu kisiwa kizima kilikuwa kama chumba kimoja. Mchana zimeanikwa kwenye majamvi mbele ya kila nyumba, usiku tunakaa kwenye mwanga wa taa tunachambua, karafuu huku na makonyo kule. Makonyo ni vile vikonyo vinavyoshika vichwa vya karafuu. Watoto tulidhani ni taka. Hayakuwa taka: kiwanda cha Wawi karibu na Chake Chake, cha Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar (ZSTC), kiliyapika kwa mvuke na kutoa mafuta. Bibi alikuwa anajaza makonyo kwenye vifuko vya vitambaa vya kanga kuukuu na kuvisukuma katikati ya nguo za sanduku. Nilipovaa gauni la Idi, mtaa mzima ulijua nimetoka kwa bibi.

Kwa hiyo shona vifuko. Kitambaa chepesi cha pamba, kipimo cha kiganja, ndani uweke vijiko viwili vya karafuu au makonyo, mdalasini uliovunjwavunjwa, na maganda ya limau uliyoyaanika mpaka yakavunjika ukiyakunja. Yakiwa na unyevu wowote yataota ukungu na kukuharibia nguo. Vifuko viwili kwenye kabati, kimoja ndani ya mto, kimoja nyuma ya kochi. Baada ya wiki tano sita harufu ikififia, kifinye kwa nguvu mkononi, karafuu zipasuke, itarudi kidogo. Na mkienda kununua karafuu, zijaribuni. Bonyeza kichwa kwa ukucha uone kama mafuta yanatoka. Au tia chache kwenye glasi ya maji: nzuri huzama au husimama wima, iliyokwisha mafuta hulala juu ya maji kama kijiti. Karafuu za kulala msizilipie bei ya karafuu.

Lile chungwa linalochomwachomwa karafuu mwili mzima, ambalo wengi mmeliona kwenye picha, ni zuri mno kwa macho. Dar es Salaam, Mombasa au Unguja litaoza kabla halijakauka, hewa yetu ina unyevu mno. Mkiwa Njombe, Arusha au Nairobi miezi ya ukavu, lijaribuni, mkiligeuza kila siku.

Maua. Hapa moyo wangu unalainika. Kama una kopo la asumini kibarazani, hata moja, wewe ni tajiri. Asumini huchumwa jioni ikiwa bado imefumba, na ikifunguka usiku ndipo inapotoa harufu. Ukiichuma mchana imefunguka, umechelewa. Weka vichwa ishirini kwenye kisahani chenye maji kidogo karibu na mto, au zitunge kwenye uzi uzining'inize kwenye neti. Bibi zetu walifunga kikuba: asumini, rihani, waridi, vilua, na mkadi kwa aliyeupata, vikafungwa pamoja vikavaliwa au vikawekwa kitandani. Rihani yenyewe ni rahisi kupanda kuliko zote, inaota hata kwenye kopo la mafuta la lita tano lililokatwa, na ukiipangusa kwa mkono unapopita mlangoni inakupa harufu bure. Panda mchaichai kando yake. Hata kama dirisha lako linatazama ukuta, makopo mawili yatakaa.

Chupa ya kupulizia najua ndiyo mnayoisubiri, kwa sababu mmezoea kopo. Inawezekana, ila ijueni tabia yake. Mafuta na maji havikai pamoja. Ukitia matone ya mafuta ya mchaichai kwenye maji matupu yataelea, na ukipuliza utapata maji mwanzo na doa la mafuta mwisho. Kinachoyashikanisha kidogo ni spiriti ya duka la dawa. Kwa chupa ya mililita 200, jaza nusu kwa spiriti, tia matone ishirini ya mafuta ya mchaichai au ya karafuu, tikisa, kisha ongeza maji yaliyochemshwa yakapoa. Tikisa kila unapotaka kupuliza. Puliza kwenye pazia na kapeti badala ya hewani, mtoto akiwa nje, na usipulize karibu na jiko au mshumaa kwani spiriti hushika moto upesi. Mafuta ya karafuu huwasha ngozi, kwa hiyo usipulize kwenye shuka. Wanaochemsha mchaichai na kuutia chupani bila kitu kingine, hiyo ni chai. Friji itaihifadhi siku tatu, nje itachacha kesho, na itaacha doa la njano kwenye pazia jeupe.

Kuna pia vijiti kwenye kichupa cha mafuta, vinavyofyonza na kutoa harufu polepole. Mafuta ya nazi mepesi na matone thelathini ya mafuta ya manukato yanatosha. Vijiti vya mishikaki si vizuri sana, ni vigumu ndani. Utambi wa pamba unafyonza vizuri zaidi. Wa nyanda za juu mkumbuke mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo kwenu asubuhi yatakuwa nta.

Udi nimeuweka mwisho kwa sababu ndio mzito kuliko vyote, kwa harufu na kwa wajibu. Udi wa sukari mnaounusa kwenye harusi za Unguja na Mombasa unaweza kuutengeneza mwenyewe. Sukari kikombe kimoja, marashi ya waridi robo kikombe, moto mdogo, koroga mpaka iwe shira nzito inayovutika uzi. Hapo fukuza watoto jikoni, sukari ya moto ikiruka inashika ngozi na kuichoma vibaya. Epua, tia vipande vidogo vya udi na unga wa sandali, jumla vikombe viwili, koroga upesi. Manukato ya mafuta usiyatie ikiwa bado inafoka, moto utayafukuza yote hewani. Subiri ipungue joto, ndipo utie vijiko viwili. Mwaga kwenye sinia ulilolipaka mafuta, ikianza kushikana ikate vipande. Weka kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana na uuache wiki tatu kabla ya kuuchoma. Utaniambia.

Mkinunua sandali, ulizeni imetoka wapi. Msandali wetu wa Afrika Mashariki umekatwa na kung'olewa hadi mizizi, mpaka Kenya ikapiga marufuku kuuvuna mwituni mwaka 2007, na mwaka 2013 ukaingizwa kwenye orodha ya CITES ya mimea ambayo biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa. Mti uliochukua miaka mingi kukua usiishie kwenye chetezo chako kwa njia ya wizi. Ubani unatosha, nao unatoka kwenye utomvu: mti unachanjwa, unalia, machozi yake yanakauka yakakusanywa, na mti unabaki umesimama. Kaskazini mwa Kenya, Somalia na Dhofar kule Oman wanaukusanya hivyo tangu enzi.

Ukichoma, iwe udi au ubani, kaa moja la moto linatosha. Lisubiri lifunikwe na jivu jeupe, ndipo uweke kipande kidogo kama ukucha. Dirisha liwe wazi. Moshi ni moshi, hata ukinukia. Mwenye pumu na mtoto mchanga wasiuvute. Najua kwetu pwani mtoto mchanga na mama yake hufukizwa, na nguo za mtoto huwekwa juu ya kitenga kilichopinduliwa juu ya chetezo. Nguo zifukize, mdogo wangu, hilo silikatazi, ila uzifukize uani, uzikung'ute, uzipige hewa, ndipo umvishe. Mtoto mwenyewe usimwinamishie moshi. Na chetezo kikimaliza kazi kitoe nje na kaa lake. Kaa linalofukuta ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu yoyote, na watu wamelala nayo wasiamke.

Nikiwa hapo hapo kwenye watoto, nawasihi kuhusu vile vidonge vyeupe vya naftalini tunavyoweka kabatini na chooni. Kuna watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na hali hiyo ipo sana kwenye nchi zetu za malaria. Mtoto wa namna hiyo akivishwa nguo zilizolala na naftalini, chembe zake nyekundu za damu zinaweza kuvunjika, akapata manjano makali. Wala huwezi kumjua kwa kumtazama. Nguo za mtoto zilale na karafuu. Karafuu maiti, yaani kafuri, nayo isikae mahali mtoto anafikia. Kipande kidogo akikimeza kinaweza kumtia degedege, na mafuta ya mkalitusi ni hivyo hivyo. Halafu jambo la choo: ukitumia siki, usiichanganye kamwe na jiki. Hutoa gesi ya klorini, na chumba cha choo ni kidogo.

Sasa turudi Mbagala, Jumamosi inakaribia.

Alhamisi fua mapazia na dekio, toa godoro juani, ondoa kila kitu nyuma ya jiko usugue ukuta. Ijumaa asubuhi soda kwenye kapeti, jioni uifagie. Ijumaa usiku taka zote zitoke, usiamke nazo. Sinki limwagie kikombe cha siki, subiri nusu saa, fuatiza maji ya moto. Usipike samaki siku hiyo. Vifuko vya karafuu viwe vimeshaingia kwenye mito na nyuma ya kochi tangu Alhamisi, maana vinahitaji muda.

Jumamosi asubuhi fungua mlango na dirisha mapema, kabla vumbi la barabarani halijaamka. Pika wali wako wa nazi, tia iliki na mdalasini kama kawaida, na ukiepua, teleka sufuria ya maganda kwenye makaa yaliyobaki. Mfuniko usiufunue mpaka mama awe amefika kituoni na mumeo amekwenda kumpokea. Funua basi, mvuke uzunguke dakika kumi, kisha epua. Makopo ya waridi na limau yaache kwenye mfuko juu ya kabati. Udi siku hiyo usichome, mama atakuwa amechoka na safari ya basi, na mtoto yumo ndani. Kama utapata asumini kwa jirani Ijumaa jioni, weka kisahani kimoja upande wa mto atakaolalia, usimwambie. Halafu toka nje umpakate mtoto, ukae barazani ile robo saa, pua yako iamke, na mama akishuka kwenye bajaji ingieni pamoja.